Nusu Ndugu

Richfield, Jumanne, 18 Novemba 2014

Kinyaa hakijanitoka tangu darasani. Leo mwalimu wa historia alitufundisha ukoo wa Trastámara, wafalme wa Kastilia, Uhispania ya zamani. Wa kwanza wao alikuwa mtoto wa nje. Alimchoma kisu ndugu yake mfalme ndani ya hema, akavaa taji, na kizazi chake kikatawala baada yake.

“Lakini alikuwa half-brother tu,” msichana mmoja akasema.

Tu! Kiswahili hakina nusu ndugu. Mkizaliwa na baba mmoja ni ndugu, basi.

Nilifika nyumbani. Hata buti za theluji sijavua, kaka Musa akapiga simu kutoka kwetu Kitale. Anataka nikubali Baraka, mtoto wa mama mdogo, mke wa pili wa baba, afukuzwe kwenye shamba la marehemu baba. Baraka aliyekuwa akimwogesha mzee!

“Dada, yule ni half-brother tu.”

Nikamuuliza kama hema ameshalisimamisha. Akadhani mtandao ni mbaya.

Ninachoogopa ni kwamba atashinda, na wajukuu wake wataapa shamba lilikuwa lao tangu zamani.