Futari ya Siku ya Noeli

Gisenyi, Desemba 20, 1999

Kwa Mama yangu mpendwa, Bi Zaina,
Birere, Goma

Mama yangu,

Asalaam alaykum wa rahmatullah. Naandika nikiwa mzima, mume wangu Damascène naye mzima, na natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye mkeka wako na afya njema, saumu haikuchoshi, na lile goti la kushoto limepunguza ukorofi. Kaka Ramazani je, ameacha kukohoa? Na yule kuku wako mweusi anayetaga chini ya kitanda, bado mnalala naye chumba kimoja? Huku mvua za asubuhi zimetushika, lakini jua likichomoza ziwa linang'aa na mtu anasahau kulalamika.

Barua anakuletea Mama Alliance, yule wa nyanya anayevuka mpaka kila siku. Ni yeye aliyeniambia kwamba aliponitaja kwako uligeuza uso, ukasema binti yako sasa ametundika nyota ya Wakristo mlangoni, kwamba ameonekana sokoni Mahoko akila mchana wa Ramadhani, na kwamba mguu wako hautakanyaga kwake. Mama, mtu akiondoka kwako maharagwe yakiwa jikoni anafika kwangu hayajaiva. Na mi nakuandikia barua utadhani niko Ulaya. Basi nisomee mpaka mwisho, maana nataka uje kwangu Jumamosi, siku ya Noeli, saa ya magharibi, na sitaki uje bila kujua unakuja kwenye nini.

Nyota ni kweli. Nimeitundika mi mwenyewe, na nisikufiche, ni nzuri kuliko zote za mtaa huu.

Unamsikia mama yake Damascène, Mukandori, wa Busasamana. Vita vya juzi kule karibu na volkano viliunguza nyumba yake na kila kilichokuwamo. Alihangaika kwenye mahema, na tangu mvua za Septemba yuko kwetu. Tunamwita Mukecuru, yaani bibi mzee, naye anapenda. Alikuja na blanketi, jembe, na kifurushi alichokibana kwapani hata akilala. Ndani mlikuwa na kitoto cha plasta, Yesu wa Noeli, ambacho marehemu mumewe alipewa na padri fulani zamani kwa kujenga ukuta wa kanisa. Mariamu, Yusufu, ng'ombe na punda, vyote viliungua. Kimebaki hicho. Nilimkuta siku moja amekipakata tu anakitazama, na Damascène akaniambia kwamba mama yake hajafanya Noeli ndani ya nyumba tangu walipomzika baba, na kwamba yeye mwenyewe hana nafasi, maana Desemba fundi cherehani hata kula hakumbuki, kila mtu anataka gauni jipya. Bon, nikasema nyumba nitaipamba mi.

Nyumba yenyewe unaisikia tu, hujaiona. Ni sebule na chumba, na sasa Mukecuru analala hapo sebuleni nyuma ya pazia. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Lakini ungeiona sasa hivi, Mama! Tulianza kwa kupaka kuta udongo mweupe. Kisha Damascène akaniletea gunia la vipande vinavyobaki chini ya cherehani yake huko Mahoko: vitenge, satini za maarusi, hata sare za shule. Mukecuru anakata pembetatu, mi nashona kwenye uzi, na sasa bendera ndogondogo zinazunguka sebule nzima mpaka juu ya pazia lake. Tumekusanya kwa majirani karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara, tukavingirishia mbegu za miti ya misipure. Tawi la msipure lenyewe limesimama ndani ya birika lako la bluu, lile lililotoboka, nililokukataza kulitupa. Na sinia lako la shaba, ulilonitumia siku niliyoolewa komini, kwa serikali, ingawa wewe mwenyewe hukuja, nimelisugua kwa majivu na ndimu, nimelitundika ukutani mkabala na taa. Giza likiingia sebule yote inakuwa ya dhahabu, na Damascène akirudi anavua viatu nje kama anaingia kwa mfalme.

Nyota ndiyo iliyotaka akili. Tumeifunga kwa matete ya ziwani na nyuzi za mgomba, tukaivalisha ile karatasi ya mafundi ya kukatia mitindo, na juu yake nikapaka mawese kidogo ili mwanga upite. Inawaka nyekundu hiyo! Ndani naweka tochi, si kibatari, kwa hiyo usianze kuogopa moto. Ina pembe moja ya ziada kwa sababu tulikosea kukunja, na watoto wa mtaa wanaipenda zaidi kwa hilo.

Kasheshe ikaja kwenye pango la Noeli. Mukecuru alijenga kibanda kwa majani makavu ya mgomba na mawe meusi ya volkano, akafinyanga Mariamu na Yusufu wa udongo, na ng'ombe wa pembe ndefu mkubwa kumshinda Yusufu. Jumapili alipokwenda misa akaniachia nimalizie. Sasa mi najua nini, Mama? Naona kibanda kiko tayari, na kitoto kiko kwenye kifurushi, uchi, kimejaa vumbi. Nikafanya vile ulivyonifundisha kwa watoto wa Kaka Ramazani. Nikakiogesha kwa maji ya vuguvugu, nikakipaka mafuta, nikakichora nyusi kwa wanja, nikakifunga kipande cha kanga, nikakilaza pale majanini. Nikakaa namsubiri mzee anisifu.

Mukecuru akarudi, akasimama mlangoni akikitazama kitoto. Kumbe kwao kitoto hakiingii pangoni mpaka usiku wa kuamkia Noeli. Kabla ya hapo kihori kinakaa kitupu, na watu wote wanangoja. Mi nimemzalisha Mariamu kabla ya siku zake. Na plasta ilishakunywa wanja, hautoki hata kwa sabuni. Mama, yule mzee alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Damascène anasema kicheko hicho hajakisikia tangu kabla ya vita. Aliniambia niuache wanja ulivyo, kwamba hata mama yake Mariamu asingekubali mjukuu wake akae hivihivi bila kutunzwa, maana mtoto yule hakuzaliwa kwa Wazungu. Akakirudisha kwenye kifurushi kingoje siku yake, na mpaka leo akikikumbuka anaanza upya kucheka.

Najua utasema sanamu. Mi sikipigii magoti, na hakuna aliyeniambia nikipigie. Swala zangu ziko palepale. Mkeka wangu naukunjua nyuma ya pazia la Mukecuru, na saa ikifika yeye ndiye anayezima redio. Isa bin Mariamu sisi pia tunamtaja kwa heshima, wewe ndiye uliyenifundisha. Nimempambia nyumba mzee aliyepoteza vyote, ni hivyo tu, na furaha niliyoipata kwa kazi hii sikuitegemea.

Sasa hili la Mahoko. Nalo ni kweli. Nilikwenda kumpelekea Damascène uzi, nikala ndizi za kuchoma mchana kweupe mbele za watu, na nikaomba nyingine. Sifungi mwaka huu, Mama. Nina mimba. Inaingia mwezi wa tano na imeanza kucheza. Muuguzi alinikataza kufunga kwa sababu ya ile iliyotoka mwaka juzi, na mke wa shehe hapa mtaani naye akaniambia dini haikunilazimisha, siku hizo nitazilipa baadaye. Nilinyamaza kwako kwa sababu ile ya kwanza niliitangaza mapema, ukanitumia vitambaa vya mtoto, ukiwa na hasira zako hivyohivyo ukanitumia, na baadaye nikabaki navikunja na kuvikunjua. Sikutaka kukuumiza mara mbili. Ndiyo maana nafunga kitenge juu ya kitenge na kuwaacha watu waseme nimebadili dini. Lakini wewe usiseme hivyo, Mama. Wewe ukisema inaniuma.

Kuna moja limebaki, na hili ndilo zito kuliko yote. Mukecuru aliijua mimba kabla sijamwambia. Akauliza kama umepewa habari na unakuja lini, maana mtoto ana bibi wawili, na Noeli ya kula peke yetu yeye haitaki. Akaniuliza Ramadhani mnakula saa ngapi. Nilipomwambia, akaamua kwamba chakula cha Noeli mwaka huu hakiliwi mchana, kitangoja magharibi, ili usikae unatutazama tukitafuna. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo kwao, amelitunga mwenyewe. Kuku atachinjwa na mwadhini, jirani yetu. Pombe ya ndizi haitaingia ndani, na Damascène amekubali kwa uchungu. Tende Mukecuru amezitafuta mtaa mzima mpaka akazipata, na amezificha nisizimalize.

Kisha akaniuliza kama umekubali kuja. Nilimtazama usoni, nikashindwa. Nilimwambia umekubali, tena umefurahi sana. Tangu hapo amefua nguo yake moja nzuri na kuianika kila jua linapotoka, ijapokuwa imeshakauka. Amesema si adabu mkwe kuingia nyumba ya watu peke yake. Jumamosi baada ya alasiri atakuwa amesimama kwenye bariyeri ndogo ya mpakani, upande wetu, na mwamvuli wa Damascène mkononi. Nimemwambia abaki nyumbani, amekataa. Hakujui sura. Anasema atamsalimu kila mama anayevuka kutoka Goma, mmoja baada ya mwingine, mpaka apate anayefanana na mi.

Nisalimie Kaka Ramazani, watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia hata kwa ubaya. Damascène anakuamkia kwa heshima. Mungu akupokelee saumu yako. Mama Alliance ameshajitwika kikapu, ananiharakisha, naye nimemwambia asisubiri jibu.

Ni mi binti yako,
Mwavita