Mustari wenye Philomène alionaka

Hadassa, nakuandikia toka ku labo ya hospitali. Philomène, mukubwa wetu wa ku labo, amekaa chini, anakataa kusimama.

Leo tulijaribu kipimo kipya cha hépatite, ule ugonjwa wa maini. Kingamwili zake zimebandikwa rangi kali, hata ugonjwa kidogo sana unaonekana. Philomène akapima damu ya Fidèle iliyobakia mu frigo. Ule Fidèle wa Kikula, mwezi uliopita tulitoa damu yake, tukapatia dada yake alipozala na kupoteza damu mingi.

Siku ile, ku kipimo cha zamani, mustari wa ugonjwa ulikuwa kama kivuli tu. Philomène akaandika «négatif», hana ugonjwa.

Leo ule mustari ni mwekundu, rouge. Rouge kabisa, Hadassa!

Anarudia tu: «Miye nilionaka. Nilionaka, nikasema ni uchafu.»

Na Fidèle iko ku mulango na kuku. Amekuya kutushukuru juu ya dada yake.