Namba Nne Haikuwa Namba Nne

Tunduma, Jumanne. Mvua imekatika saa kumi, ukungu umebaki.

Naandika kabla chai haijapoa, maana nikinyamaza nitajidanganya kwamba nimeelewa kilichotokea. Sijaelewa.

Bosi wetu amerithi kosta saba za abiria kwa marehemu kaka yake. Zote nyeupe, zote zimechoka. Nilipoambiwa niziorodheshe, niliziandika namba kwa chaki kwenye vioo vya mbele, moja hadi saba. Nikamwambia fundi Nzowa asihangaike na namba ndefu za usajili, atumie zangu kwenye daftari lake. Nilijiona nimerahisisha kazi.

Fundi akabadilisha breki za magari sita. Moja tu lilikosa vipuri. Alinikalisha humo, kwenye kiti kilichochanika nyuma ya dereva, akakanyaga pedali.

"Karani, hili kwenye tambarare litakudanganya. Litasimama vizuri tu. Lipeleke milima ya Ileje uone."

Akaandika: namba nne, bado.

Juzi magari yakaoshwa, chaki ikaondoka, yakapangwa upya. Jana akaja mchoraji kutoka Nakonde kupaka namba za kudumu ubavuni. Mimi nilikuwa ndani, nagonga mihuri. Leo nimemuuliza alifuata utaratibu gani.

"Nilianzia getini, mukwai," akajibu kwa heshima ya kwao. "Moja, mbili, tatu. Kwani kuna kuhesabu kwingine?"

Nilimuuliza kwa sababu mchana niliingia namba nne kutafuta kalamu yangu, nikakuta kiti cha nyuma ya dereva ni kizima. Nikazunguka magari yote. Viti vilivyochanika mahali pale ni viwili: kwenye namba moja na namba sita.

Yote mawili yanaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi kwenda Ileje. Orodha ya magari yaliyo salama ina saini yangu.

Namba nne, ambayo ni nzima, imebaki uani inasubiri vipuri.

Fundi yuko msibani Ihanda, simu haipatikani. Nikamwomba Mzee Sinkala, dereva wa namba sita, ajaribu breki hapo uwanjani. Gari likasimama. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, shule imekujaza woga. Mimi nimeendesha makopo mabaya kuliko hili."

Namba moja nayo ikasimama. Sasa hiyo inanisaidia nini? Fundi alishasema litasimama.

Nikaenda kwa meneja, Mama Simbeye. Nikamuuliza kwa mbali kama safari ingeweza kusogezwa siku moja.

"Kisa?"

Nikasema mvua.

"Mvua! Ileje kuna siku haijanyesha? Mchungaji anakuja saa kumi na moja kuyaombea magari, abiria wana tiketi mkononi. Nenda kapige pasi shati lako, karani."

Nikasema, ndiyo mama.

Mvua. Katika maneno yote niliyosomeshwa, nilichagua mvua.

Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Kule Msangano mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi ofisini. Nimekaa hapa najiuliza kama naogopa kufukuzwa au naogopa kuchekwa na madereva. Halafu namkumbuka Mzee Sinkala akinieleza, kwa furaha kabisa, kwamba kesho mkewe atapanda kiti cha mbele aende kusalimia kwao.

Wakati wa kufunga ofisi nilitundika funguo ukutani kama kawaida. Nilipofika nyumbani nikavua koti, kitu kikalia mfukoni. Ukutani nilitundika tano tu, bila za namba moja na namba sita. Siwezi kusema nilipanga. Siwezi pia kusema nilisahau.

Lakini kuficha funguo si kusema. Kesho, kabla mchungaji hajafumba macho, nitamwambia Mama Simbeye, hata madereva wakiwa wanasikia: chaki ilikuwa yangu, saini ni yangu, magari haya mawili yasitoke mpaka fundi arudi.

Naomba sauti itoke.

Ikigoma, funguo ninazo.