Huku Jumamosi Haitoshi

Mama,

Tulipotoka kukuzika Naro Moru, Baba alisema nisomee huku Kutus, kwa Tata, dada yako. Nilikuja na machipukizi matatu ya sukuma wiki yako, nimeyafunga kwa kitambaa chako cha kichwa, nimekilowesha. Hayakunyauka njiani. Niliyapanda nyuma ya jikoni.

Kila Jumamosi nilipangusa majani upande wa chini, nikanyunyiza jivu, kama wewe. Unakumbuka ulivyowacheka wale wadudu wa kijivu? "Baridi ya mlima imewafanya wavivu. Hata kuzaa wanaona ni kazi!"

Huku si wavivu, Mama. Nikipangusa Jumamosi, katikati ya wiki majani yamejikunja, wamejaa tena. Tata aliniuliza mbele ya wageni, "Wewe, unapanda mboga ama unafuga wadudu?" Nikaenda kuchota jivu. Unanijua.

Halafu mwalimu wa biolojia akatufundisha juu yao. Wanaitwa vidukari. Jike anazaa bila dume, na anazaa watoto walio hai. Kwenye baridi mtoto anakawia kukua. Kwenye joto kama hili anakua haraka, na yeye pia anaanza kuzaa upesi. Mwalimu alieleza kwa Kiingereza, mimi nikawa nakutafsiria kichwani, vile nilizoea. Nilipomaliza nikakumbuka hakuna wa kumwambia. Nikalia pale darasani, Mama. Mimi ambaye kaburini sikutoa hata chozi.

Lakini hata kabla ya somo lile nilikuwa nimeona kwamba Jumamosi haitoshi. Niliona kwa macho yangu. Ni vile tu Jumamosi ilikuwa siku yetu, na kuiacha... niliona kama nakufukia tena. Machipukizi mawili yamekufa nikiing'ang'ania. Limebaki moja.

Sasa nalipangusa kila asubuhi kabla ya shule. Leo Tata alinikuta nimeinama pale. Hakunitania. Alirudi jikoni, akaniletea jivu kwenye kifuniko cha sufuria, akashika jani la upande wa pili.

Mikono yangu inanuka kama yako.

Pumzika, Mama. Hili likishika na kuchipua, nitakuletea chipukizi nyumbani, nilipande kando yako, kwenye baridi. Nitamfundisha Baba kupangusa. Huko Jumamosi itatosha.

Mtoto wako,
Wanjikũ