Mizani Isiyokubali Jina

Jumanne, Kapsoit

Wamekataa tena. Na mimi nilidhani safari hii wataona.

Pale kituo cha kupimia majani ya chai kuna mizani mbili kwa kompyuta moja. Inayoamka kwanza, draiva, ile programu inayoziunganisha na kompyuta, inaiita sifuri, inayofuata moja. Stima ikipotea na kurudi, zinabadilishana majina, na chai ya mtu inaandikiwa mwenzake. Nimeingia mpaka ndani ya kiini cha mfumo nikaandika upya sehemu hiyo, kila mizani iwe na jina lake la kudumu, nikawatumia wanaoitunza programu hiyo.

Msimamizi wa draiva, mtu wa mbali ambaye sijawahi kumwona, amejibu kwa sentensi moja: programu za watu wengi zinategemea majina ya zamani, kwa hivyo hayaguswi. Hata asante hakuna.

Nimemweleza Mama tukichambua mboga. Amecheka.

"Wewe ulipozaliwa tuliita majina ya wazee waliotutangulia, moja moja, mpaka ukapiga chafya kwa la babu yako. Hiyo mashine imepiga chafya?"

"Ilishapiga zamani, Mama. Kwa jina baya."

"Basi imeisha. Jina likishakubaliwa, nani atalirudisha?"

Kinachoniuma ni kwamba yule wa mbali angekubaliana naye kabisa. Sina tena nguvu ya kujaribu. Nijaribu nini?

Stima imepotea sasa hivi, ikarudi. Kesho asubuhi Mama atabeba majani yake kituoni, na sijui yataandikwa kwa jina la nani.