Kikohozi Ndani ya Kofia

12 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko kazini? Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu. Cherehani tu ndiyo imeninunia.

Nikuulize. Ulipokuja juzi, ulipanda ngazi zangu kama mkaguzi. Kwa mwalimu, ghorofa ya kwanza, ulisimama ukasoma mita ya umeme kana kwamba utailipa wewe. Kwa fundi saa ukasifia mlango, mlango ambao hata mwenyewe hausifii. Ulipofika kwangu midomo imekupauka, ukasema ni uchovu wa safari. Safari gani, na basi lilikushusha hapa chini?

Mtu wa kuzama baharini anashindwa na ghorofa tatu? Nenda hospitali.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu zimefika. Mimi nipo, mwili unalalamika lakini siusikilizi. Ipe pole cherehani.

Mita ile ilikuwa inakimbia, nikamwonea mwalimu huruma. Haya, nakwambia wewe tu, shemeji asijue: kifua kinabana. Miaka yote hii nimeunga mabomba kule chini kabisa, ambako hewa yenyewe inakuwa nzito kuivuta. Lakini hapa ukikohoa mbele ya wenzako wanakwambia, "Babu, nchi kavu inakuita," na muda si mrefu zamu yako imepata mwenyewe. Kwa hiyo nikishuka, nakohoa huko huko, ndani ya kofia ya kuzamia. Samaki hawana umbea.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, tangu nisome barua yako.

Kofia hiyo si ndiyo ile uliyojisifia kwamba ina simu, na walioko juu melini wanakusikia hata ukimeza mate? Samaki hawana umbea, sawa. Spika je?

Nimeweka kiti kwenye ngazi, pale kwa fundi saa. Majirani wanauliza cha nani. Nimewaambia cha mgeni.

Dada yako

8 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, si salamu.

Dada yako

17 Agosti

Dada mpendwa,

Sijambo kiasi. Barua yako ya spika niliikunja nikaitia mfukoni. Nilijua umesema kweli, ndiyo maana sikujibu.

Muda mfupi baadaye, nikiwa chini, kikohozi kilinishika kikagoma kuniachia. Nikaita, "Nivuteni!" Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaitikisa kamba kwa nguvu zilizobaki, ndipo wakanipandisha.

Nilipopata pumzi nikafoka, "Mlikuwa mmelala?"

Mshika kamba wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. "Kaka, tunakusikia tangu mwaka jana. Ukianza kukohoa, huwa tunapunguza sauti ya spika."

"Mnapunguza kwa nini?"

"Tuliona hupendi tusikie."

Dada, afadhali wangenicheka. Wamenisitiri nusura wanizike, na sitara yenyewe nimeiomba mimi. Siku hiyo nilikula nimeugeukia ukuta.

Daktari alinipulizisha mashine mpaka machozi yakanitoka. Anasema vijia vidogo vya hewa kwenye mapafu vimesinyaa. Ni kina kirefu, tena kwa miaka mingi. Kilichoharibika hakitarudi, ila nikiendelea kitazidi. Sizami tena. Wamenipa kiti melini, mbele ya spika ileile. Wiki nzima nilishindwa kumtazama mtu usoni.

Jana alishuka yule bingwa wa "nchi kavu inakuita". Mara akakohoa. Akajibana. Akakohoa tena, kikohozi kile cha chini kabisa ninachokijua. Mkono wa mshika kamba ukaenda kwenye kitufe. Nikaushika, nikaongeza sauti mpaka mpishi akachungulia kutoka jikoni.

"Nakusikia," nikasema kwenye simu.

Akajibu, "Unasikia nini, babu?"

"Ninachokifahamu. Panda, ndugu yangu."

Alipanda. Mpaka leo hajanisalimia, na simlaumu.

Nakuja mwisho wa mwezi. Kiti kiache palepale. Majirani wakiuliza tena, waambie ni cha mdogo wako.

Mdogo wako