Moto Ambao Setilaiti Haikuuona

Dada Wanja,

Upepo wa Ruiri umenipasua midomo, lakini githeri ya hapa, yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, ni tamu kuliko watu wa ofisi yetu ya kufuatilia moto wa misitu.

Jana mama mmoja mkulima alipiga simu kwamba msitu ulio juu ya shamba lake unawaka. Bosi wetu, mtu asiyeweza kuwasha jiko la mkaa, akatazama kompyuta. "Setilaiti haijaonyesha alama nyekundu. Mwambie hakuna moto."

Nikanong'ona kwamba setilaiti haioni chini ya mawingu.

"Karani, siku hizi wewe ndiye setilaiti?"

Wakacheka wote.

Alipoenda kunywa chai, niliandika jina langu kwenye daftari la kuruhusu gari litoke, nikawatuma vijana wa zimamoto. Waliuzima ukiwa umefika kwenye ua wa yule mama. Mawingu yalipoondoka hakukuwa na cha kuonekana, kwa hiyo bosi ameandika kwamba nilipeleka gari kwenye moto usiokuwepo. Kesho najieleza, au nirudi Embu bila kazi.

Yule mama mkulima ameahidi kuniletea nguzo ya ua wake iliyoungua. Nitamwekea bwana huyo juu ya kompyuta yake.

Usimwambie mama yetu. Niombee.

Mdogo wako,
Njue